Mpingo Unaorudi kwa Bei ya Pikolo

Ukisema filimbi hapa Buseresere, watu wanamfikiria refa, au trafiki wa barabara ya Katoro. Kwa hiyo bendi yetu ya vijana ilipoanza kuchangishana fedha za kununua pikolo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kueleza ni kitu gani. Ni fluti ndogo ya sentimita 32 hivi, inayolia oktava moja juu ya fluti ya kawaida. Matarumbeta yote yakipulizwa kwa nguvu, pikolo moja bado inasikika juu yake. Majeshi ya Ulaya yaliipenda kwa sababu hiyo, na mwaka 1808 Beethoven aliiingiza katika sehemu ya mwisho ya Simfoni yake ya Tano.

Swali lililotugawa ni la mwili wake. Ya plastiki ngumu unaweza kuipata kwa mamia ya dola. Ya mti, ya daraja la wapigaji wa okestra, inafika maelfu. Na mti wenyewe, ukiusoma kwenye orodha za maduka, unaitwa grenadila. Ni mpingo. Mpingo huu huu wetu, ambao Wamakonde wanauchonga vinyago na ambao bibi zetu waliutaka kwa michi.

Haukuwa chaguo la kwanza la Wazungu. Mafundi wa karne ya 18 walitumia zaidi mti wa manjano uliomea kwao, laini kuchonga lakini mwepesi kupinda ukipata unyevu wa pumzi. Theobald Boehm wa Munich alipobuni mpangilio mpya wa vitufe, kwanza mwaka 1832 kisha 1847, ulihitaji vijiti vingi vya chuma vilivyoshikizwa mwilini na visisogee hata kidogo. Mti ukipinda kidogo tu, kitufe hakifungi, na noti inakufa. Wakatumia sana mti wa kokasi kutoka Jamaika na Kuba, na ulipoanza kuadimika wakauegemea mpingo wa Afrika. Fluti kubwa baadaye ikahamia kwenye fedha na metali nyingine, lakini pikolo nyingi za maana zimebaki za mti mpaka leo.

Wapigaji watakwambia mti unalainisha ukali wa sauti. Mimi nina mashaka. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman aliwapigia wasikilizaji fluti za umbo moja zenye kuta za vitu tofauti, na hawakuweza kuzitofautisha. Ninaamini ubora wa mpingo uko kwenye mashine ya fundi: ni mzito kiasi cha kuzama majini, una mafuta yake ya asili, na ukitobolewa tundu linabaki vilevile kwa miaka mingi. Kwenye pikolo, tundu ndiyo sauti. Mti unaoshika kipimo ndio unaodumu.

Gharama yake inaanzia porini. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo gogo limejipinda, lina uwazi katikati na nyufa. Sehemu ndogo tu hupatikana kwa ala. Vipande hivyo hupakwa nta mwishoni visikauke haraka, kisha huachwa muda mrefu kabla ya kuchongwa.

Huku kwetu miti ina historia nyingine. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, chini ya C.F.M. Swynnerton aliyeongoza utafiti wa mbung'o Shinyanga, ilishirikiana na watemi kufyeka vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Ng'ombe walipona, watu wakapata mashamba ya pamba, na nchi ikabaki uchi. Baada ya 1947 mpango wa maendeleo ya Usukuma ukasukuma familia nyingi kuja kufungua mapori ya upande huu wa Geita. Siku hizi maduara ya dhahabu yanadai matimba ya kuzuia kifusi, na mkaa unadai yaliyobaki. Hakuna anayeuliza kama gogo lingeweza kuwa ala ya muziki, na kwa kweli mwenye njaa hana sababu ya kuuliza.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa kurudisha ngitili, malisho yanayofungwa ili kusubiri kiangazi. Miti ya asili iliota yenyewe watu walipoacha kuikata. Kule kusini, Kilwa, vijiji vilivyopewa misitu yao vilienda mbali zaidi: Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na mpingo wao ukauzwa kwa faida ya kijiji. Ningependa pikolo yetu itoke kwenye gogo kama hilo. Muuzaji ukimuuliza mti umetoka wapi, mara nyingi anakujibu jina la nchi tu.

Sheria nayo iliingia. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya mpingo iliwekwa chini ya vibali vya CITES, na ala zikawa zinasumbua mipakani. Novemba 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa kwenye masharti hayo. Hilo limerahisisha kununua zilizotumika kutoka nje.

Ukipata ya mti iliyotumika, itazame kwenye mwanga, ukifuata nyuzi za mti, hasa karibu na maungio, kutafuta ufa. Piga re ya chini kabisa taratibu: ikisita, kuna pedi isiyofunga. Kisha panda hadi noti za juu, huko ala mbovu hujitangaza.

Mpingo hupasuka ndani ukiwa moto na unyevu huku nje ni baridi na kavu. Ikiwa mpya inapigwa dakika 10 au 15 kwa siku wiki za kwanza, na kufutwa ndani kila mara. Bendi yetu ina wapigaji watatu wa ala moja, mazoezi uwanjani, vumbi la Agosti, na sanduku linalosafiri kwenye bodaboda. Nikapiga kura ya plastiki, wakanifuata wengi. Binti mmoja, anayefanya mazoezi kuliko sisi sote, alipinga mpaka mwisho. Tumeanza mchango wa pili, wa mpingo, na utakuwa wake peke yake kuutunza.