Pampu ya kisima kisiwani: kuifunga, kuitunza na kuyalinda maji baridi

Kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, kinajulikana nchi nzima kwa gesi asilia. Gesi iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 inasafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Lakini mama anayeamka alfajiri kisiwani hapo hawazi gesi kwanza. Anawaza maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Kisiwa ni cha matumbawe, hakina mto, na bahari imekizunguka pande zote.

Siku hizi wenye visima wengi, hapa kwetu na pwani yote ya Lindi, wanataka kuachana na ndoo na kamba na kufunga pampu. Ni jambo jema, kwani linapunguza kazi ya akina mama na watoto. Lakini kisiwani pampu ikifungwa vibaya inaweza kufanya jambo ambalo kamba na ndoo haviwezi: kukitia chumvi kisima, na pamoja nacho visima vya majirani. Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuchagua pampu, kuifunga, kuitunza, na kuitumia bila kuyaharibu maji.

Maji baridi ya kisiwani yako wapi?

Mvua inaponyesha, maji hupenya kwenye mchanga na mwamba wa matumbawe. Chini yake kuna maji ya bahari. Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Tofauti ni kwamba haya mawili yanaweza kuchanganyika.

Kuna hesabu moja ambayo kila mwenye kisima afadhali aijue. Kwa kawaida, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kisiwani mara nyingi hata nusu mita haifiki. Sasa ukivuta maji kwa nguvu mpaka usawa wake ukashuka sentimita 10, chumvi iliyo chini inaweza kupanda kuja juu kwa takriban mita 4. Ndiyo maana kisima kilichokunywesha watu kwa miaka mingi kinaweza kuanza kuonja chumvi miezi michache tu baada ya kufungwa pampu kubwa. Na chumvi ikishapanda, haishuki kesho. Inangoja mvua za kutosha, pengine zaidi ya masika moja.

Pima kisima kabla ya kununua pampu

Usiende dukani kabla hujajua kisima chako kinatoa maji kiasi gani. Kipimo hiki hakihitaji mtambo wowote:

1. Pima asubuhi, kabla watu hawajateka. Shusha kamba yenye jiwe, weka fundo mahali maji yanapoanzia.
2. Teka maji mpaka usawa ushuke nusu mita.
3. Acha kuteka. Tazama saa, na uhesabu muda mpaka maji yarudi kwenye fundo.

Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 kina karibu lita 390 katika nusu mita hiyo. Kama maji yamerudi baada ya saa 3, kisima kinatoa takriban lita 130 kwa saa. Hicho ndicho kipato chake. Ukitumia zaidi ya kipato, unakula mtaji.

Fanya kipimo hiki mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa machache. Rudia wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, kwa sababu visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka kwa kufuata kupwa na kujaa. Onja maji kila mara na uandike.

Kisha hesabu mahitaji. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 inataja lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu 8 inahitaji lita 200, yaani ndoo 10 kubwa. Pampu ndogo inayotoa lita 30 kwa dakika inazipandisha kwenye tangi kwa dakika 7 hivi. Kwa hiyo nyumba ya kawaida haihitaji pampu kubwa. Ya nusu hosipawa, ambayo kwenye kibandiko huandikwa 0.5 HP, inatosha, na hula takriban nusu uniti ya umeme kwa saa. Muuzaji akikwambia uongeze kidogo uchukue kubwa "isikusumbue", kumbuka chumvi.

Pampu ya juu au ya kuzamisha?

Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji kama watu wanavyodhani. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Nguvu hiyo ina mwisho: kwa nadharia ni mita 10, kwa vitendo hesabu mita 7. Kama maji yako chini ya hapo, pampu ya juu itanguruma bila kutoa kitu hata ukinunua ya bei kubwa. Hapo inafaa pampu ya kuzamisha, ambayo hukaa ndani ya maji na kuyasukuma juu.

Pampu ya sola nayo inafaa visiwani. Haihitaji betri kama una tangi kubwa: jua likiwepo linajaza tangi, usiku mnatumia maji ya tangini. Uzuri wake ni kwamba huvuta polepole kutwa, na kisima hupenda hivyo.

Kuifunga hatua kwa hatua

Msingi. Ijengee kijukwaa cha zege kilichoinuka, sentimita 15 hivi, ili maji ya mvua yasiifikie. Ezeka juu yake, lakini usiifungie mahali pasipo hewa. Ielekeze mbali na upepo wa bahari, maana manyunyu ya chumvi hula mota, bolti na nyaya.

Bomba la kuvutia. Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Lipande moja kwa moja kuelekea pampu bila kutengeneza kilima njiani, kwa sababu kilima hukusanya hewa. Elbo ziwe chache. Kila kiungo kikazwe kwa tepu ya nyuzi au gundi yake. Tundu dogo lisilovujisha hata tone la maji linaweza kuingiza hewa na kuikatalia pampu isivute.

Valvu ya chini. Mwisho wa bomba funga valvu yenye chujio, ile ambayo mafundi huiita futivalvu. Inazuia maji yasirudi kisimani pampu ikizimwa. Bara mafundi wengi huishusha karibu na sakafu ya kisima. Kisiwani usifanye hivyo. Ining'inize juu kiasi, sentimita 30 hadi 50 chini ya usawa wa maji wa kiangazi. Unavuta maji baridi yaliyo juu, na usawa ukishuka sana pampu itakosa maji kabla hujaigusa chumvi. Valvu hiyo inakuwa mlinzi wako.

Bomba la kupandishia. Weka koki, valvu ya kuzuia maji yasirudi, na yunioni. Yunioni ni kiungo kinachofunguka kwa mkono au spana, ili siku ya matengenezo uitoe pampu bila kukata bomba.

Umeme. Kazi hii mpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Hakikisha kuna waya wa ardhi na swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. Usiunge nyaya ndani ya kisima. Umeme na maji vikikutana, hakuna nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Kuwasha mara ya kwanza. Fungua kizibo cha juu cha pampu, jaza maji mpaka yafurike, funga, ndipo uwashe. Pampu isiyo na maji ndani huunguza sili kwa dakika chache. Weka pia boya tangini, lizime pampu tangi likijaa, na kifaa cha kuizima kisima kikikauka.

Onyo kwa wenye pampu za petroli: usiishushe kamwe mashine ndani ya kisima, hata kama maji yako mbali. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kisima hakina upepo wa kuitoa. Anayeshuka kuizima huanguka, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Mashine ikae juu, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na kisima.

Matunzo

Kila siku sikiliza mlio wake. Mlio ukibadilika, zima na utazame.

Kila wiki futa chumvi iliyoganda kwa kitambaa chenye maji baridi, umeme ukiwa umezimwa. Kagua kama kuna tone kati ya mota na pampu.

Kila mwezi onja maji, pima kina kwa kamba, na uandike kwenye daftari. Safisha chujio la chini likiwa na mchanga.

Kila mwaka, kabla ya masika, kaza bolti, badilisha gasketi zilizochoka, osha tangi na utibu kisima kwa klorini kwa kipimo atakachotoa bwana afya.

Vipuri vinatoka ng'ambo, na bahari ikichafuka wakati wa kusi boti huchelewa. Kwa hiyo weka nyumbani sili moja, kapasita moja, futivalvu moja, gasketi na tepu. Namba ya pampu iandike ukutani ili unayemwagiza asilete kifaa kisichoingia. Na kamba na ndoo usizitupe.

Ikigoma

Inazunguka lakini haitoi maji: imepoteza maji ya ndani, bomba linaingiza hewa, au futivalvu haifungi. Jaza maji upya. Yakipotea tena, tatizo ni futivalvu.

Inavuma bila kuzunguka: zima mara moja. Huenda kapasita imekufa, au mchanga na kutu vimekamata impela.

Inatoa maji machache kuliko zamani: chujio limeziba, umeme ni mdogo, au kisima kimeshuka. Pima kisima kwanza.

Maji yanavuja nyuma ya pampu: sili imeisha. Ibadilishe kabla maji hayajaingia kwenye mota.

Maji yana ladha ya chumvi: hii si kazi ya fundi. Acha kuvuta. Kipumzishe kisima siku kadhaa, kisha rudi na muda mfupi zaidi, asubuhi dakika chache na jioni dakika chache. Chumvi ikibaki, teka kwa ndoo mpaka mvua.

Na bwawa la kuogelea?

Vijana wa pwani yetu wanaofanya kazi hotelini hukutana na pampu ya namna nyingine. Hiyo haileti maji mapya. Huyazungusha yale yale kupitia chujio la mchanga, kwa kawaida bwawa zima katika saa 6 hadi 8. Sheria zake ni jamaa ya hizi: isizunguke kavu, kikapu cha uchafu kisafishwe, koki zifungwe kabla ya kukifungua, na klorini isihifadhiwe chumba kimoja na mota kwa sababu mvuke wake hula vyuma.

Mabwawa si mageni Kilwa. Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, kuna bwawa la pembe nane lililojengwa karne ya 14, enzi ambazo pampu ya mota haikuwepo. Lakini kisiwa kidogo hakina budi kuhesabu. Bwawa la lita 50,000 ni maji ya siku moja ya watu 2,000.

Kisima ni chako, maji ni ya wote

Visima vya mtaa mmoja wa kisiwani vinakunywa kwenye sahani moja. Pampu kumi zikiwashwa pamoja saa moja, zote zinaivuta chumvi. Afadhali wenye pampu wakae chini na mwenyekiti wa kijiji wapangiane zamu na muda. Kwa mradi wa kijiji, ushauri unapatikana RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019. Kwa vibali vya kuchimba na kutumia maji, wahusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, chini ya sheria ya mwaka 2009. Choo nacho kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, kwa kuwa matumbawe yana nyufa na uchafu husafiri haraka.

Mwisho, tazama paa lako. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 10 tu linakusanya karibu lita 400. Ni maji ya siku 2 kwa familia ya watu 8. Kila ndoo inayotoka batini ni ndoo moja iliyobaki kisimani, nayo ndiyo inayoizuia chumvi isipande.