Moli ikikosa supamaketi: Meru, Nyali na deni la muuza maziwa

Watu wa Pwani tunaijua Meru kwa miraa inayoshuka Mombasa kila siku. Wapenda mpira wanaijua Kinoru, mtaa wa mji huo, kwa uwanja wake uliofanyiwa sherehe za Madaraka Juni 1, 2018. Mimi huko hutazama maduka. Nakumatt ilikuwa na tawi Meru, Uchumi nayo pia. Zote mbili zimeondoka, na soko la Gakoromone liko palepale na ndizi zake.

Moli, yaani maduka mengi chini ya paa moja na mahali pa kuegesha magari, ilianzia Marekani. Ya kwanza ya kufungwa pande zote, Southdale, ilifunguliwa mwaka 1956 jimboni Minnesota. Nairobi ilipata Sarit Centre mwaka 1983. Ugatuzi ulipoanza 2013, mishahara ya kaunti ikaingia miji ya mikoani, na wenye mitaji wakaifuata huko kwa saruji na vioo.

Sasa tuelewane jinsi biashara hii inavyokwenda, maana wengi hudhani moli hufa kwa kukosa wateja. Moli husimama juu ya mpangaji mmoja mkubwa, ambaye kwa kawaida ni supamaketi. Yeye hupunguziwa kodi kwa sababu ndiye anayevuta watu. Muuza viatu, kinyozi na mwenye mkahawa hulipa kodi kubwa zaidi kwa kila futi, wakitegemea mama aliyekuja kununua unga apite mlangoni kwao. Mkubwa akifunga, wadogo hubaki na kodi ileile na ukumbi mtupu.

Na huyo mkubwa alikuwa akiishi kwa pesa za nani? Za waliomletea bidhaa. Maziwa na mkate huuzwa kwa siku moja au mbili, taslimu, lakini aliyeyaleta akaambiwa angoje miezi mitatu au zaidi. Katikati ya muda huo pesa zake zilifungua matawi mapya. Kwangu mimi huo ni mkopo ambao mkopeshaji hakuulizwa.

Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru, ilifikisha zaidi ya matawi 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Benki zilikuwa na mawakili. Mwenye kupeleka mboga alikuwa na risiti tu.

Sisi huku tuliyaona hayo Nyali. City Mall iliondokewa na Nakumatt, ikaja Shoprite ya Afrika Kusini, ambayo mwaka 2020 ilitangaza kuihama Kenya, kisha ikaja Carrefour. Nyali ina wakazi wenye kipato na watalii, kwa hivyo nafasi iligombaniwa. Meru si Nyali. Pesa yake hupanda na kushuka na mazao: Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, Somalia ikaizuia mwaka 2020 hadi 2022. Mkulima asiyeuza hatembei moli, hata kama ngazi za umeme zinafanya kazi.

Sheria ya ushindani ilirekebishwa mwishoni mwa 2019, Mamlaka ya Ushindani ikapewa nguvu zaidi ya kumbana mnunuzi mkubwa anayechelewesha malipo. Mwaka uliofuata Mamlaka iliiandama Tuskys kwa kosa hilo hilo. Tuskys ilianguka hata hivyo, na waliokuwa wakiidai wakajiunga na foleni ya wenzao wa Nakumatt.