Mozart Alikosana na Nani?

Niliwahi kuombwa kutafsiri ratiba ya onyesho la piano. Kazi ya kwanza ilikuwa ya Mozart, nami kwa haraka nikaandika "Tofauti 12". Mwenzangu aliyepitia rasimu akauliza: "Kwani Mozart alikosana na nani?" Swali la haki. Kwa Kiswahili, watu wakiwa na tofauti zao huitiwa wazee.

Tulichokuwa tukikihangaikia ni variesheni: mtunzi hutoa lahani fupi, kisha huirudia tena na tena, kila mara kwa sura nyingine. Wapo wanaoridhika na "mabadiliko", na hawajakosea sana. Bach, mwaka 1741, alipochapisha kazi inayojulikana leo kwa jina la Goldberg, aliziita sehemu zake Veränderungen, neno la Kijerumani lenye maana ya kukifanya kitu kiwe kingine. Beethoven alilitumia hilohilo mwaka 1823. Ila "mabadiliko" hayasemi lolote kuhusu kilichobaki, na humu kilichobaki ndicho sikio linachokisaka.

Mimi nasimama na "mnyambuliko". Aliyepita darasa la Kiswahili anaujua: pika, pikia, pikwa, pikisha, pikishana. Mzizi -pik- haung'oki, na kila kiambishi kinakuja na habari yake. Kabla walimu wa sarufi hawajalichukua neno hili, kunyambua kulikuwa kazi ya vidole: nyama iliyoiva huchanwachanwa nyuzinyuzi, na bado ni nyama ileile. Lahani ya kuanzia, basi, naiita mzizi. "Dhamira" nawaachia wahakiki wa riwaya.

Mzizi wa Mozart ni wimbo wa Kifaransa ambao watoto wetu wa chekechea huuimba kwa maneno ya Kiingereza kuhusu nyota. Wanakwaya wausome hivi: do do so so la la so. Katika mnyambuliko wa kwanza mkono wa kulia unazizunguka noti hizo kwa noti ndogondogo za mbio, hata do inajificha katikati ya majirani zake. Katika wa pili, mbio zinahamia mkono wa kushoto. Wa nane unatoka meja na kuingia maina, na wimbo wa chekechea unashikwa na huzuni ya mtu mzima. Wa mwisho unaacha mapigo mawili na kuchukua matatu. Kote huko unaweza kuuimba mzizi kimoyomoyo bila kupotea.

Kwa Beethoven utapotea. Mwaka 1819 mchapishaji wa Vienna, Anton Diabelli, aliwapelekea watunzi waltz yake fupi, kila mmoja ainyambue mara moja. Hamsini waliitikia, Schubert akiwemo, na Liszt aliyekuwa bado mtoto. Beethoven akaleta 33. Wa kwanza tu, waltz imeshakuwa machi. Wa 13 una vishindo vifupi na ukimya mrefu kati yake. Ukimya wenyewe umenyambuliwa. Wa 22 ni mzaha: waltz inaanza kwa kushuka kutoka do hadi so, kama unavyoanza wimbo wa mtumishi Leporello katika opera ya Mozart, Don Giovanni, basi Beethoven anauingiza wimbo wa mtumishi moja kwa moja. Hapa hatuko tena kwenye pika na pikia. Ni ogopa iliyozaa ogofya: mzizi umepinda, p imegeuka f, lakini ukoo haujakatika.

Bach ndiye aliyenitesa, kwa kuwa minyambuliko yake 30 haifuati lahani ya juu. Kinachobaki ni mwendo wa besi. Anayeimba besi kanisani atakinasa mapema kuliko anayeimba sauti ya kwanza, ambaye amezoea kubeba wimbo na hasikilizi kinachombeba yeye.

Nikafuta "Tofauti", nikaandika "Minyambuliko 12". Mwenzangu akaguna kwamba sasa ratiba inafanana na mtihani wa Kidato cha Pili. Sikubishana naye. Nikamwimbia do do so so, na kabla sijafika la, vidole vyake vilikuwa vikigonga meza: mapigo matatu, matatu.