Masharti ya Mafunzo Kazini kwa Walimu wa Shule za Umma katika Mombasa ya Bara: Historia Fupi

1. Utangulizi

Mnamo Septemba 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu ya Kenya ilizindua mpango wa lazima wa kuwaendeleza walimu kitaaluma. Kwa mujibu wa mpango huo, kila mwalimu aliyesajiliwa alitakiwa kusoma moduli 6, kila moja kwa muda wa miaka 5, na cheti chake cha kufundisha kihuishwe kila miaka 5 ipitapo. Ada ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, nayo ilitazamiwa kutoka mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Vyama vya walimu vilipinga, na katika mabishano yaliyofuata sharti hilo lilizungumzwa aghalabu kana kwamba ni jambo ambalo halijapata kutokea.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sharti lenyewe si geni. Kwa kuwatazama walimu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, yaani sehemu za bara zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa, itadhihirika kwamba mwalimu wa pwani ametakiwa kusoma upya tangu shule zenyewe zilipoanzishwa. Yaliyobadilika ni mambo mawili: nani anayelipia masomo hayo, na nani anayeamua ni elimu gani ambayo mwalimu ameikosa. Jambo hili la pili linawahusu hasa wataalamu wa lugha, kwa sababu miongoni mwa mambo ya awali ambayo mwalimu wa Mombasa aliambiwa ajifunze upya ni lugha yake mwenyewe.

2. Darsa, misheni na usanifishaji

Kabla ya kuwapo serikali ya kutoa vyeti, pwani ilikuwa na desturi yake ya kumwendeleza mwalimu. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuhesabiwa kuwa amehitimu kwa kuwa tu ana wanafunzi. Aliendelea kuhudhuria darsa za masheikh waliomzidi, na aliyemaliza kitabu kwa sheikh wake aliweza kupewa ijaza ya kukifundisha. Ijaza hiyo ilitolewa na mtu aliyemjua mwanafunzi na aliyeijua elimu yenyewe. Haikuwa na tarehe ya kwisha, wala haikuwa na mshahara.

Upande wa Kisauni ulipata mfumo mwingine mwaka 1875, Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kilipoanzisha makazi ya Freretown kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo ya pwani walikuwa Waafrika waliosomeshwa Nasik, karibu na Bombay, kama vile William Jones na Ishmael Semler, ambao walipewa ushemasi mwaka 1885. Katika jamii hiyo ndimo alimotoka James Mbotela, mtungaji wa Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934. Hapo Freretown mwalimu na katekista walikuwa karibu mtu mmoja. Aliyefundisha watoto naye alifundishwa na wamisheni, na kupanda kwake kulitegemea maoni yao juu ya elimu yake na mwenendo wake pia.

Wamisheni wa Mombasa, hasa W. E. Taylor, waliithamini sana lahaja ya Kimvita. Lakini mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kuusimamia uamuzi huo kwa kuvikagua vitabu vya shule. Tokea hapo mwalimu aliyezaliwa Likoni au Kisauni, aliyesema ndia na nti tangu utotoni, alitakiwa kufundisha njia na nchi. Haidaiwi hapa kwamba usanifishaji haukuwa na faida, maana bila huo vitabu visingesomeka kutoka Mombasa hadi Kigoma. Lililo muhimu ni kwamba mwalimu aliyekuwa mjuzi alikuja kuhesabiwa mwanafunzi kwa uamuzi ambao hakushirikishwa.

3. Uhuru, madaraja na masomo ya posta

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, sehemu kubwa ya walimu wa shule za msingi hawakuwa na mafunzo ya ualimu. Waliofunzwa walipangwa kwa madaraja, kuanzia P4 hadi P1, na daraja lilifuata kiwango cha elimu ambacho mwalimu alikuwa nacho alipoingia chuoni. Tume ya Ominde, iliyotoa ripoti yake miaka ya 1964 na 1965, ililiona tatizo hili waziwazi. Baadaye Tume ya Huduma kwa Walimu ikaundwa mwaka 1967, baada ya Chama cha Kitaifa cha Walimu, kilichoasisiwa mwaka 1957, kudai kwa muda mrefu mwajiri mmoja kwa walimu wote.

Mwaka huohuo wa 1967 kitengo cha masomo ya posta kilianzishwa huko Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi kama kinavyoitwa sasa. Mwalimu wa P3 alipokea vitabu kwa posta, akasikiliza vipindi katika redio, akapeleka majibu yake yasahihishwe, na alipofaulu mtihani wa kidato cha pili aliweza kufikiria daraja la P2. Kwa mwalimu wa Changamwe aliyefundisha watoto wa wafanyakazi wa bandari na reli mchana kutwa, usiku wa taa na redio ndio uliokuwa chuo chake. Yafaa ieleweke kwamba hapakuwa na aliyemlazimisha. Lakini malipo yalifungamana na daraja, na kwa hiyo hiari hiyo ilikuwa hiari ya mwenye njaa mbele ya chakula.

Mwaka 1974 ada ilipofutwa katika madarasa 4 ya mwanzo, watoto walimiminika shuleni, na walimu wasio na mafunzo wakaajiriwa tena kwa wingi. Katika miaka hiyo vilienea pia vituo vya ushauri kwa walimu, ambavyo walimu wenyewe waliviita TAC, ili mafunzo yamfuate mwalimu karibu na shule yake. Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee katika Mombasa ya bara, ambako semina ya kisiwani ilimgharimu mwalimu wa Likoni kivuko cha feri, na yule wa Kisauni daraja la kuelea la Nyali la mwaka 1931, mpaka daraja la kudumu lilipofunguliwa mwaka 1980.

4. Kiswahili chawa somo la mtihani

Kwa mwalimu wa lugha, badiliko kubwa kuliko yote lilikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Katika mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi Kiswahili hakikutahiniwa. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kifanywe somo la lazima lenye kutahiniwa, na mtaala mpya ukatekeleza. Ghafla ikalazimu kila shule ya msingi nchini iwe na walimu wa Kiswahili, ilhali wengi walikuwa wamefunzwa katika miaka ambayo mkazo wote ulikuwa juu ya Kiingereza.

Mtu angedhani kwamba Mombasa haikuwa na shida. Kwa kweli shida yake ilikuwa ya namna nyingine. Mwalimu kutoka bara ya mbali aliyepangiwa Changamwe alikijua Kiswahili cha vitabuni, naye alikuta wanafunzi wanaomzidi kwa ufasaha wa kusema. Mwalimu mzaliwa wa Kisauni aliwazidi wote kwa ufasaha, lakini alitakiwa kujifunza istilahi za sarufi, ngeli kwa mpangilio wa kitaalamu, na usanifu ambao mtihani uliudai. Semina za mtaala mpya zilimfaa wa kwanza kuliko wa pili. Ujuzi wa Kimvita haukuwa na mahali pa kuandikwa katika fomu yoyote.

Hata hivyo kujiendeleza hakukungoja semina. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, alishirikiana na Mathias Mnyampala wa Tanzania kuandika Historia ya Kiswahili, kitabu kilichotoka mwaka 1977 baada ya wote wawili kufariki. Kitabu hicho hakikuzaliwa na sharti lolote la mwajiri. Kilizaliwa na utafiti wa watu walioona kwamba lugha yao inaelezwa visivyo na wengine.

5. Enzi ya miradi

Katika miaka ya 1990 na baada yake, mafunzo kazini yalitegemea sana fedha za wafadhili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Wakfu wa Aga Khan, kwa kushirikiana na idara ya elimu ya manispaa ya Mombasa, uliendesha mradi wa kuboresha shule za msingi za mji, na walimu wa bara na kisiwani wakafundishwa mbinu za kumshirikisha mtoto katika somo. Mwaka 2001 ulianza mpango wa taifa wa kumwendeleza mwalimu akiwa shuleni mwake, ambapo walimu wachache wa kila shule walisoma moduli kisha wakawasaidia wenzao. Masomo ya kwanza ya mpango huo yalikuwa 3: Kiingereza, hisabati na sayansi. Kiswahili hakikuwamo. Katika sekondari, mradi uliosaidiwa na Japani tangu mwaka 1998 ulishughulikia hisabati na sayansi.

Hivyo mwalimu wa Kiswahili aliachwa ajitafutie. Wengi walijiandikisha katika kozi za vyuo vikuu zilizofundishwa wakati wa likizo, wakachukua mikopo ya ushirika ili wapate stashahada au shahada. Kwa muda mrefu shahada ilimpandisha cheo mwalimu wa msingi. Katika miaka ya 2010 Tume iliacha kupandisha cheo kwa sababu ya shahada peke yake. Aliyekuwa amekwisha kukopa alibaki na cheti na deni.

Ni mwaka 2015 tu, kwa mpango wa Tusome, ndipo kusoma kwa Kiswahili katika madarasa ya chini kulipopewa vitabu, miongozo na maafisa wa kumtembelea mwalimu darasani.

6. Kutoka hiari hadi leseni

Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Tume kuwa chombo cha kikatiba, na sheria ya mwaka 2012 ikaipa mamlaka ya kumtaka kila mwalimu ajiendeleze. Mwaka 2016 ulianza utaratibu wa kumpima mwalimu kazini kila muhula. Mwaka 2019 mtaala wa umilisi ulipoanza nchini kote, chama cha walimu kiliwataka wanachama wasihudhurie mafunzo yake, na baadhi ya walimu wakachukuliwa hatua za nidhamu. Mpango wa 2021 ulikuja juu ya majeraha hayo. Vyuo vilivyoidhinishwa kuutekeleza vilikuwa 4, na kwa hesabu ya miaka 30 ya moduli zote, mwalimu angelipa shilingi 180,000. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 muungano wa Kenya Kwanza uliahidi kwamba serikali ingegharamia mafunzo ya walimu walio kazini. Ahadi hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba swali la gharama lilikuwa limewagusa walimu.

Mwaka 2021 pia ndio ambapo vyuo vya ualimu wa msingi, kikiwamo kile cha Shanzu, vilianza kutoa stashahada badala ya cheti cha P1. Cheti kilichokuwa kilele cha tamaa ya mwalimu wa mwaka 1967 kikageuka kuwa upungufu.

7. Hitimisho

Historia hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, walimu wa Mombasa ya bara hawakuwahi kuikataa elimu yenyewe. Waliifuata kwa posta, kwa redio, kwa feri na kwa mkopo. Walichokipinga ni kulipishwa ili waruhusiwe kuendelea na kazi wanayoifanya tayari. Masomo ya posta ya miaka ya 1960 yalimwahidi mwalimu daraja la juu zaidi, ilhali mpango wa 2021 ulimtishia kumwondolea lile alilo nalo. Tofauti ya nia ya walimu yaeleweka hapo.

Pili, mipango iliyotajwa hapa ilikuja na orodha iliyotungwa kwingine. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, aliishi Mombasa na kuibuni istilahi ya runinga, ambayo sasa imo vitabuni. Mwalimu wa Likoni aliyekaa miguuni pa mtaalamu wa namna hiyo alijiendeleza kwa maana kamili ya neno, lakini fomu haikuwa na mstari wa kuliandika jambo hilo. Ikiwa sharti la kusoma litabaki, na lina haki ya kubaki, basi idara za lugha za vyuo vikuu zina wajibu wa kueleza ni ujuzi gani wa lugha unaostahili kuhesabiwa, na mzaliwa wa Kimvita awe miongoni mwa wanaoulizwa. Desturi ya ijaza ilikwisha kulitambua hilo: anayempima mwalimu sharti aijue elimu anayoipima, na amjue mtu anayempima.