Mdudu wa Vaalharts: namna mahindi ya Bt yalishindwa Afrika ya Kusini

Wandugu wasomi, kila mara tukizungumza juu ya OGM, watu wanagawanyika palepale: hawa wanasema ni sumu, wale wanasema ni wokovu. Leo tuache hayo mabishano pembeni. Tuangalie historia moja, ile ya mahindi ya Bt kule Afrika ya Kusini, juu iko na somo kwa kila mmoja wetu mwenye kesho ataitwa kumshauri mkulima.

Bt ni bakteria, Bacillus thuringiensis. Mjapani Ishiwata aliigundua mwaka 1901 ndani ya viwavi wa hariri waliokuwa wanakufa. Inatengeneza proteini yenye kuharibu tumbo la kiwavi. Wataalamu walichukua jeni ya hiyo proteini, wakaiingiza ndani ya mahindi: kiwavi akila jani, anakufa. Marekani walianza kulima mahindi hayo mwaka 1996. Adui mkubwa aliyelengwa kule alikuwa nondo mwenye jina Ostrinia nubilalis. Mwaka 1998, Afrika ya Kusini nayo ikaanza. Lakini kule adui alikuwa mwingine: Busseola fusca, mwenye kutoboa mabua. Tushike vizuri hiyo tofauti, njo mzizi wa shida yote.

Kila dawa, hata ile iliyo ndani ya mmea, inachagua wadudu. Wenye nguvu wanabaki, wanazaana. Wataalamu walijua hilo toka mwanzo, wakaweka sheria ya kimbilio: mkulima apande pembeni mahindi ya kawaida, asilimia 20 ya shamba kama atayapulizia dawa, ao asilimia 5 kama hatapulizia. Juu ya nini? Ili nondo dhaifu wazaliwe kwa wingi pale. Wale wachache wenye nguvu watakaotoka ndani ya Bt wataoana na hao dhaifu. Mtoto atarithi nguvu ya upande mmoja tu, na proteini itamuua. Hesabu nzuri. Lakini ilisimama juu ya mambo mawili: kwanza, proteini iwe nyingi ya kutosha kumuua huyo mtoto, pili, mkulima apande kimbilio kweli.

Yote mawili yaliteleza. Huko Vaalharts, eneo kubwa la umwagiliaji, watafiti walipouliza wakulima, walikuta kwamba msimu wa 1998 hata mmoja juu ya kumi hakufika katika kupanda kimbilio. Miaka kumi kisha, karibu wote walikuwa wanapanda, lakini walikuwa wamechelewa. Msimu wa 2006 viwavi walionekana wazima ndani ya mabua ya Bt karibu na mji wa Christiana, na mwaka 2007 mtafiti Van Rensburg akatangaza jambo hilo. Kisha Vaalharts nayo ikafuata. Chini ya miaka kumi, mbegu ya bei ilikuwa imepoteza kazi yake pale, na wakulima wakarudilia pompi ya dawa.

Kisha likatoka jambo lingine. Mwaka 2013, watafiti walionyesha kwamba kwa Busseola, mtoto mwenye kurithi nguvu ya upande mmoja tu anaweza kuishi ndani ya Bt. Kumbe hesabu iliyofaa kwa nondo wa Marekani haikumfaa huyu wa kwetu Afrika. Hata kimbilio kingepandwa vizuri, kingechelewesha tu. Ikaletwa pia mbegu nyingine yenye proteini mbili, ili kiwavi akiponea moja, auawe na ya pili.

Sasa, sisi tunaingilia wapi? Busseola yuko hata katika milima yetu ya Kivu. Na toka 2016 Afrika imepata mgeni mwingine, kiwavi jeshi kutoka Amerika, mwenye leo anakula mahindi yetu. Huyo naye ana historia: kule Puerto Rico alizoea mahindi ya Bt yenye proteini Cry1F, mpaka mwaka 2006 yakaondolewa sokoni kule.

Basi, siku mtu atakuja na mbegu ya namna hiyo, tusiulize tu kama inaua. Tuulize: ilipimwa juu ya mdudu gani, na wa wapi? Na kimbilio nani atakibeba? Mama mwenye ari 25 tu, ukimwambia aache ari 5 za mahindi yasiyo ya Bt, unamwomba akubali hasara yeye peke yake ili mbegu ya wote idumu. Kama hatuna jibu lenye kumsaidia, hatapanda, na hatuwezi kumlaumu. Wakulima wa Vaalharts walikuwa na maji, mashine na mashamba makubwa, na bado mwanzoni wengi hawakupanda.

Mdudu hasomi mkataba wa mbegu, wandugu. Sisi wenye tulisoma njo tunapaswa kuusoma mbele yake.