Darubini: Kazi ya Fundi Miwani

Huu ni mfano wa darubini ya karne ya 17: mirija miwili inayoingiana, kila ncha ikiwa na kioo. Kioo cha mbele kimetuna katikati. Cha kwenye jicho kimebonyea. Sogeza mrija wa ndani taratibu hadi miti ya mlima wa pili ionekane vizuri.

Oktoba 1608, Hans Lipperhey, fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, aliiomba serikali hataza ya chombo kama hiki. Kilikuza mara 3 hivi. Hataza alinyimwa, kwa kuwa mafundi wengine nao walikijua, lakini akalipwa vizuri atengeneze cha macho mawili.

Kazi ngumu ilikuwa kusugua kioo. Mpindo usio sawa ulitosha kuharibu taswira. Mwaka 1609 Galileo Galilei, akiishi Padua, Italia, alijisugulia vioo vyake mwenyewe hadi akafikia ukuzaji wa mara 20. Januari 1610 akaiona miezi minne ya Mshtarii. Darubini ndogo ya leo inakuonyesha miezi hiyo hiyo ukiwa hapa Kilolo, usiku wa kiangazi usio na mawingu.

Tunautunza mfano huu kwa ajili ya wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini. Septemba 1, 2016 watu walifurika Rujewa, Mbarali, kuona kupatwa kwa jua kipete, na hamu ile inastahili chombo cha kushika mkononi.

ONYO: Usiielekeze kwenye jua. Inapofusha.