58: Namba Iliyowafungia Wazee Wetu Nje

Wasee, tukipiga stori za Korona huwa ni zilezile: kafyu, polisi, masomo kusimama. Hizo ni stori zetu vijana. Leo niongee kuhusu wazazi na mashosho wa hapa Donholm, kwa sababu kuna namba iliwaumiza na hakuna mtu huitaja.

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza Kenya. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja asubuhi. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka Julai. Makanisa na misikiti nayo ilikuwa imefungwa. Iliporuhusiwa kufunguliwa Julai, masharti yalikuwa haya: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtu wa chini ya miaka 13 wala aliyepita 58.

Nia ilikuwa nzuri, sibishi. Dunia nzima ugonjwa ulikuwa unaua wazee kuliko vijana. Lakini fikiria mama wa miaka 63, kanisani ndiko marafiki wake wote wako, halafu anaona mjukuu akienda huku yeye akibaki na redio.

Wazee wetu hawakusema wana wasiwasi. Walisema presha imepanda. Walisema usingizi umepotea. Kila mchana walikuwa mbele ya TV wakingoja hesabu ya siku: wangapi wamepatikana, wangapi wameaga. Mtu ana sukari, anasikia wenye sukari ndio wako hatarini zaidi. Roho inakaa juu juu siku nzima. Kuna waliogopa hata kwenda kliniki kuchukua dawa zao za kawaida.

Na si ati walikuwa waoga. Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 65 mwaka 2020 alikuwa na 44 mwaka 1999, Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Kizazi hicho kilizika ndugu, majirani na wenzao wa kazi. Walivuka vipi? Kwa kukaa pamoja. Matanga jioni, mchango, chama, kwaya, safari ya ushago kuzika mtu wao. Hofu ya mmoja ilibebwa na wengi.

Sasa angalia 2020. Mazishi, watu 15 tu. Matanga hakuna. Ushago huwezi kufika. Kanisani hutakiwi. Ugonjwa ulikuja, na dawa yao ya hofu ikachukuliwa wiki zilezile. Hapo ndipo naona kosa lilikuwa: tulilinda mapafu yao tukasahau roho zao.

Hata hivyo hawakukaa tu. Kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000 kulifanywa bure Machi 2020, basi mchango na pesa za chama zikapita kwa simu. Maombi yakafanywa kwa simu. Majirani wakaongea getini, kila mtu upande wake. Shosho ambaye hakuwa anajua WhatsApp akajifunza, kisha akakataa kulala kabla kila mtoto hajajibu.

Machi 2021 chanjo ilipofika, wenye miaka 58 na zaidi wakawekwa mbele kwa foleni. Namba ileile. Tarehe 20 Oktoba 2021 kafyu ikaondolewa, tukarudi kwa maisha. Lakini yale matanga hayakuwahi kukaliwa.

Maoni yangu ni haya. Janga lingine likija, kabla ya kuchora mstari wa umri, waulizwe wenyewe watakutana vipi kwa usalama: nje, wachache, viti mbalimbali. Na kama kwenu kuna mtu alizikwa na watu 15, iteni watu mkae jioni moja. Mwacheni mzee aongee mpaka amalize.